Mgahawa wa watu wote: nani anailipa sahani ya asiye nacho?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Morogoro mjini. Tunakopeshana, na kwa miaka mingi tumekuwa tukipika kwenye misiba, harusi na semina. Sasa tumepata chumba kizuri karibu na stendi kwa kodi nafuu. Tunataka kufungua mgahawa ambao mtu yeyote ataingia, atakaa mezani, atahudumiwa kama mteja wa hotelini, kisha atalipa anachoweza. Asiye nacho naye ale. Wenzangu wawili wanasema tutafilisika ndani ya miezi mitatu, wengine wanasema Mungu atafungua njia. Je, kuna mahali jambo hili limefanyika likadumu? Na je, tukope halmashauri ili tuanze?

Jibu: Marahaba dada yangu, na salamu kwa kikundi chote. Wenzako wawili wana hoja, na hao wengine nao wana hoja, ila nyote mnabishana kabla ya kukaa na kalamu. Sahani ya mtu asiye na hela hutumia mchele uleule, mafuta yaleyale na gesi ileile kama ya mwenye hela. Lazima yupo anayeilipa. Migahawa ya aina hii iliyodumu ilimjua mlipaji huyo kabla jiko halijawashwa, halafu ikahakikisha haonekani mezani. Mingi kati ya iliyokufa iliuachia wema wa wateja kazi ambayo wema hauwezi kuifanya kila siku.

Nianze na mmoja uliokufa, maana ndio unaofanana zaidi na wazo lenu. Mwaka 2010 kampuni ya Panera, inayojulikana Marekani kwa mikate na supu, ilifungua mgahawa mjini Clayton, jimbo la Missouri, wenye chakula kilekile cha matawi yake mengine. Tofauti ilikuwa moja: bei ilikuwa pendekezo tu, na mteja alitoa alichoona anaweza. Ikafuata mingine Dearborn, Portland, Chicago na Boston. Mkuu wa kampuni, Ron Shaich, alikuwa akieleza kwamba katika wateja 100, kama 60 hulipa bei ya pendekezo, 20 huzidisha, na 20 hupunguza au hawatoi kitu. Ukiisikia hesabu hiyo unaona kila kitu kimejilipa chenyewe. Lakini wastani wa mtaa mmoja si wastani wa mtaa mwingine. Kule Portland makusanyo yalirudisha takriban theluthi mbili tu ya gharama. Mgahawa mmoja ukafungwa, ukafuata mwingine, na wa mwisho, ule wa Boston, ulifunga milango mwaka 2019. Hiyo ni kampuni yenye maduka zaidi ya 2,000 nyuma yake. Ninyi nyuma yenu mna kisanduku cha VICOBA.

Watu hupenda kusema miradi kama hii huangushwa na wajanja wanaokula bure. Wajanja hawakosekani, lakini kwa maoni yangu si wao wanaoua. Kinachoua ni kumsimamisha mtu kaunta aamue bei mbele ya keshia na foleni. Mwenye hela anaanza kujiuliza: nikitoa kidogo nitaonekanaje, na nikitoa nyingi namlipia nani? Asiye nacho anatoka jasho zaidi. Safari ya pili wote wawili wanaona heri waende kwa mama lishe wa kona, ambako bei inajulikana na hakuna mtihani wa roho kabla ya wali.

Uliza tena: mbona kuna iliyodumu kwa mfumo huohuo? Ipo. Mjini Denver kuna SAME Café, uliofunguliwa mwaka 2006 na mke na mume, Libby na Brad Birky. Pale unaweza kulipa kwa pesa, kwa kufanya kazi jikoni, au kwa mboga ulizolima mwenyewe. Lakini SAME Café ni shirika la hisani. Linatafuta wafadhili na michango mwaka mzima, na kinachotolewa na walaji ni sehemu tu ya mapato. Kwa hiyo mlipaji yupo. Ukiuiga mgahawa wa Denver bila kuiga ofisi yake ya kutafuta michango, umeiga nusu, tena ile nusu inayokula hela.

Njia nyingine ni ya Madrid. Desemba 2016 shirika la Mensajeros de la Paz, la padri Ángel García, lilifungua mgahawa ulioitwa Robin Hood. Mchana ulikuwa mgahawa wa kawaida, mteja analipa. Jioni meza zilezile zilitandikwa vitambaa na glasi za kioo, na watu wasio na makazi wakahudumiwa bila malipo na wahudumu waliovaa sare. Mlo wa mchana unaulipia wa jioni. Ni hesabu safi, na ninaiheshimu. Lakini angalia: yule wa mchana na yule wa jioni hawakutani. Barua yako inasema mnataka wakae pamoja, basi Madrid inawafundisha hesabu tu.

Ninaoupenda kuliko yote ni wa Belo Horizonte, Brazil. Mwaka 1993, chini ya meya Patrus Ananias, jiji lile lilianzisha idara yake ya chakula, na mwaka 1994 likafungua mgahawa wa umma, Restaurante Popular. Chakula cha mchana ni wali, maharage, nyama, saladi na tunda. Bei hupangwa na jiji, ni ndogo, na kwa mteja wa kawaida ni moja tu: haulizwi mlangoni anafanya kazi gani wala anapata kiasi gani. Familia zilizo kwenye mpango wa ruzuku wa Bolsa Família hulipa nusu, na wasio na makazi waliosajiliwa hula bure. Foleni ileile ina karani wa ofisi, mwanafunzi, mstaafu na mpakia mizigo, na karani haendi pale kwa sababu ya huruma. Anaenda kwa sababu chakula ni kizuri, bei ni ndogo na saa yake ya mapumziko ni fupi.

Mfano wa watu walio karibu zaidi na ninyi, hata hivyo, uko Chennai, kusini mwa India. Februari 2013 halmashauri ya jiji ilianza kufungua migahawa ya Amma Unavagam, ambako idli moja, yaani kitumbua cha mchele kilichopikwa kwa mvuke, iliuzwa rupia 1, wali wa sambar, yaani mchuzi wa dengu, rupia 5, na wali wa mtindi rupia 3. Wanaopika na kuhudumia ni akina mama wa vikundi vya kusaidiana, vikundi kama chenu. Migahawa hiyo hupata hasara, na hasara imo kwenye bajeti ya jiji. Lakini wale akina mama hulipwa ujira wao wa siku. Hili lisomeni mara mbili kwenye kikao. Mgahawa wa watu wote usipokuwa na mlipaji anayejulikana, mlipaji huwa ni mpishi: anaamka saa kumi alfajiri, anabeba maji, anarudi nyumbani usiku mikono mitupu, na watu wanamsifu kwa moyo wa kujitolea. Baada ya muda anaacha kuja. Msianze bila kuandika ujira wa kila aliye zamu, hata uwe mdogo.

Poland nayo ina jambo la kuiba. Wana migahawa ya bei chee waiitayo bar mleczny, na serikali yao huchangia gharama za vyakula vya maziwa, mboga na unga. Nyama haimo kwenye mchango huo. Maana yake punguzo limewekwa kwenye chakula, halikuwekwa kwa mtu. Anayeagiza maandazi ya viazi ya bei ya chini anaweza kuwa bibi wa pensheni, anaweza kuwa wakili. Hakuna anayejua, na hakuna sababu ya kujua.

Hapo ndipo ninapotaka mjenge. Acheni "lipa unachoweza". Wekeni kila siku sahani moja ya bei ya chini kwa mtu yeyote, tuseme 1,000: wali au ugali, maharage yaliyoungwa vizuri kwa nazi, mchicha, kipande cha papai. Pembeni yake wekeni vyakula vya bei ya soko: kuku, samaki, pilau ya Ijumaa. Sahani ya 1,000 isiwe ya adhabu. Nimeonja chakula cha miradi mingi ya hisani, na shida yake kubwa ni kwamba mpishi anajua mlaji hana pa kulalamikia: maharage hayajaiva, wali una mawe. Ninyi pikeni maharage ambayo hata mwenye hela ataacha maini ili ayafuate. Akiyala, basi sahani ile haina tena alama ya umaskini.

Kwa asiye na hata hiyo 1,000, tumieni tokeni. Mteja analipa dirishani pale mlangoni, anapewa kidude cha plastiki, anakaa, mhudumu anakichukua anapoleta sahani. Tokeni za sahani ya 1,000 ziwe na rangi moja, za waliolipa na za wasiolipa. Zile za bure zisigawiwe mgahawani kabisa. Zitoke mapema kupitia watu wanaojua mlango wa nani haufuki moshi: mjumbe wa shina, muuguzi wa zahanati, mwalimu wa darasa, imamu, katekista. Mwenye tokeni akishaingia, mhudumu hana njia ya kumtofautisha na mwingine. Hata akitaka kumdharau hajui pa kuanzia.

Msidhani ninakuza jambo. Kuna mradi mmoja niliwahi kuitwa kuushauri, sitautaja, ambao waliolipa walipewa sahani za udongo na wasiolipa sahani za plastiki za bluu. Msimamizi alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba za udongo zinavunjika. Mzee mmoja alikuwa akija na bakuli lake kutoka nyumbani, anaomba atiliwe, kisha anakwenda kulia nje chini ya mwarobaini. Msimamizi alidhani mzee anapenda upepo.

Nairobi wamelitatua hili kwa watoto wa shule za msingi. Katika mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, serikali ya kaunti inashirikiana na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Wawira Njiru. Mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo, nyingine hulipwa na kaunti na shirika. Mtoto huvaa bangili, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa chakula. Mkononi bangili zote ni sawa. Ninyi hamhitaji bangili. Kidude cha plastiki cha rangi moja kinafanya kazi ileile.

Mtasikia pia ushauri wa kubandika karatasi ukutani: mteja mwenye hela analipia sahani ya ziada, karatasi inabandikwa, mhitaji anakuja kuibandua. Duka moja la pizza mjini Philadelphia, Rosa's, lilipata umaarufu mkubwa kwa njia hiyo. Picha zake zinavutia sana. Lakini mimi namfikiria anayenyanyuka mbele ya meza saba kwenda kubandua karatasi ukutani kwenye mji ambao shangazi yake anauza nyanya nje ya mlango. Morogoro si Philadelphia. Pokeeni malipo ya kuwalipia wengine, tena kwa moyo mkunjufu, ila yaingie kwa lipa namba na yageuke tokeni, basi.

Kuhusu picha niseme kwa ufupi: mfadhili akitaka picha ya walaji, mpeni picha ya sufuria.

Kuna watakaowaambia kwamba bure kabisa inawezekana, na watawatajia Masingasinga. Ni kweli. Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa, pale Makindu kuna hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote anaruhusiwa kuingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akala chapati, dengu na chai bila kuulizwa dini wala kabila. Wengi huacha kitu kwenye sanduku la sadaka, wengine hawaachi, na hakuna anayehesabu. Lakini pale mlipaji ni jumuiya nzima ya waumini ambao kulisha watu ni sehemu ya ibada yao, jengo ni lao, na kazi ya jikoni inafanywa kwa zamu kama ibada. Msiige jiko lao kabla ya kuwa na waumini wao.

Sasa kalamu. Namba hizi ni za mfano, mziondoe mweke zenu baada ya kwenda sokoni. Tuseme mnauza sahani 120 kwa siku. Sahani 50 ni za bei ya chini: zinaingiza 50,000. Kila moja imewagharimu 1,300 ukijumlisha chakula, gesi, maji, ujira na kodi, yaani 65,000. Hapo mmepoteza 15,000. Sahani 30 zimekuja kwa tokeni za bure: mmepoteza 39,000. Sahani 40 ni za kuku na pilau kwa 3,000, gharama 2,200: mmepata faida 32,000. Jumla ya siku ni pengo la 22,000. Kwa siku 26 za kazi pengo ni 572,000 kwa mwezi. Hapo ndipo wenzako wawili wanaposimama, na wana haki.

Lakini ninyi mna kitu ambacho wale wa Clayton hawakuwa nacho: mnapikia semina. Morogoro ni mji wa semina. Wizara, mashirika na vyuo hawaishi kuleta watu pale. Oda moja ya watu 60, mkibaki na faida ya 2,500 kwa kila mtu, inaleta 150,000. Oda nne kwa mwezi zinaleta 600,000, na pengo limezibwa. Huyo ndiye mlipaji wenu. Hajui kwamba analipa, hajali, anachotaka ni chai ifike saa nne na risiti iwe halali.

Tazameni pia bomba lenu, lile mnaloweza kulifungua na kulifunga, liko wapi. Tokeni za bure zikishuka kutoka 30 hadi 15, pengo la siku linabaki 2,500, yaani 65,000 kwa mwezi. Kwa hiyo idadi ya tokeni za bure haiamuliwi na huruma ya aliye zamu dirishani. Inaamuliwa tarehe 1 ya kila mwezi, kulingana na oda mlizokwisha kulipwa, siyo mlizoahidiwa, kwa maana mnajua ninyi wenyewe taasisi nyingine hulipa baada ya miezi mitatu. Mwezi mbaya, tokeni 10. Mwezi mzuri, 40. Na mhazini awe mmoja wa wale wawili wenye wasiwasi. Mtu anayeogopa kufilisika ni mhazini mzuri kuliko mtu anayetegemea miujiza.

Sasa niguse jambo ambalo barua yako haikulitaja, nami naliona zito kuliko yote yaliyobaki. Karibu na stendi kuna akina mama lishe. Kila mmoja anauza sahani zake labda 40 au 50 kwa siku, na hizo ndizo ada za watoto wake. Mkifungua mlango wa sahani ya 1,000 yenye maharage ya nazi, meza na feni, mtakuwa mmewalisha maskini kumi na kuwafilisi mama lishe wanne. Kaeni nao kabla ya kununua hata kijiko kimoja. Wanaotaka waingie kwenye zamu zenu kwa ujira. Wasiotaka, waacheni wapokee tokeni zenu kwenye vibanda vyao, nanyi mnawalipa kila Jumamosi kwa idadi ya tokeni walizokusanya. Tena ngoja niseme wazi: kama chumba kile kisingekuwepo, ningewashauri mfanye hilo la pili peke yake. Vibanda sita vinavyopokea tokeni moja ni mgahawa wa watu wote tayari, bila kodi, bila feni, na mlaji anakaa kwenye benchi lilelile alilolizoea.

Kama mnataka kuonja mambo kabla ya kujifunga, anzeni na jioni moja kwa wiki. Mjini Copenhagen kuna nyumba ya jamii iitwayo Absalon, zamani ilikuwa kanisa, iliyofunguliwa mwaka 2015 mtaa wa Vesterbro. Kila jioni saa kumi na mbili watu wenye tiketi wanakaa kwenye meza ndefu na wasiowajua, chakula ni cha aina moja, kinaletwa kwa mabakuli makubwa ya meza nzima, na walaji wanapakuliana. Siri ya bei yake ndogo iko hapo: idadi inajulikana mapema, sufuria ni moja, wahudumu ni wachache. Kwetu hili halihitaji kufundishwa, watu wa sinia wanalijua. Ijumaa jioni, pilau na kachumbari, tiketi 80 zilizouzwa hadi Alhamisi jioni, tokeni zikiwa ndani yake. Mfanye hivyo kwa miezi miwili, mtajua mji wenu una walaji wa bei kamili wangapi. Ramadhani ikifika, jioni hiyo inageuka futari bila kubadili kitu zaidi ya uji na tambi.

Jina nalo msilifanyie mzaha. Wakati wa vita ya pili, Uingereza ilifungua sehemu za kulia za umma kwa bei ndogo, na mwanzoni ziliitwa vituo vya kulishia jamii. Waziri Mkuu Churchill alilichukia jina hilo, akamwandikia waziri wake wa chakula, Lord Woolton, kwamba linanuka nyumba za maskini. Zikaitwa British Restaurants. Kufikia mwaka 1943 zilikuwa zaidi ya 2,000, zikitoa milo kama 600,000 kwa siku, na waliokula walikuwa watu wa kila namna. Kwa hiyo ubao wenu usiandikwe "mradi", wala "msaada", wala jina la mfadhili. Uandikwe jina la mgahawa na chakula cha leo.

Mambo ya jiko mnayajua, nitayapita haraka. Serikali imeshazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, basi pigeni hesabu ya gesi tangu mwanzo. Aliye zamu awe amepima afya, na bwana afya wa kata mwiteni ninyi kabla hajajileta. Mboga za Mgeta mzinunue jioni pale soko la Chifu Kingalu, wafanyabiashara wanapotaka kumaliza mafungu. Lakini msipokee mabaki ya harusi, hata yawe mazuri kiasi gani. Wali uliopikwa ukakaa vuguvugu saa nyingi una vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki kwa kupasha moto, na sahani moja ikiumiza watu itafunga mlango wenu kwa kasi kuliko madeni. Najua kule Milano mpishi Massimo Bottura alianzisha Refettorio Ambrosiano mwaka 2015 kwa vyakula vilivyobaki kwenye maonesho ya Expo, na chakula kilikuwa cha hadhi ya juu. Vile vilikuwa viambato ghafi, vilivyotunzwa kwenye majokofu na kupikwa upya, siyo pilau iliyolala kwenye ndoo.

Na mkopo wa halmashauri. Mnaujua: asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, bila riba. Ombeni, mna sifa zote. Ila fedha ile inunue vitu vinavyobaki mkifunga: majiko ya gesi, sufuria kubwa, mahotipoti, meza, jokofu. Isinunue mchele hata kilo moja na isizibe pengo la tokeni hata siku moja, kwa maana bila riba si bila marejesho, na sahani iliyokwisha kuliwa hairejeshi mkopo. Kwenye andiko lenu chanzo cha marejesho andikeni oda za semina, mkiambatisha risiti za mwaka uliopita. Mauzo ya mezani yaacheni nje ya hesabu hiyo mpaka mtimize miezi sita.